Goti la Mama Fundi na Ngazi za Ghorofa ya Tatu

Mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Fundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa pili wa fundi viatu. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1971 aliingia karakana ya kushona sare za shule, akakanyaga cherehani kwa miaka thelathini na minne. Mwaka 1975 aliolewa na baba yetu, fundi bomba, aliyetutangulia mwaka 2011.

Goti la kulia lilimsumbua muda mrefu, naye akalifanya siri mpaka akashindwa kuinuka kitini. Mimi, kitinda mimba wake, ndiye niliyemng'ang'ania awekewe goti la bandia. Alikataa miezi saba, kisha akakubali. Alipunguza uzito, akakunja mazulia asije akajikwaa, akajizoesha magongo kabla hayajahitajika. Asubuhi ya upasuaji, tarehe 14 Januari 2025, alichukua chaki yake ya kazi akachora X kubwa kwenye goti la kushoto, lile zima. Karakanani kwao X ilimaanisha mkasi usipite hapo. Hospitalini ilimaanisha papasuliwe hapo. Bahati nzuri muuguzi alimuuliza, na daktari akafuta akaweka alama yake mwenyewe.

Alipona kuliko tulivyotegemea. Alikunja goti huku machozi yakimtoka, na bado akimtania mtaalamu wa mazoezi kuwa ana mikono ya mchinjaji. Mwanzoni mwa Aprili aliacha kutembelea magongo.

Tarehe 22 Aprili alibisha hodi kwangu, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Nilikuwa nimekaa humo miaka tisa na hajawahi kufika. Alikagua jiko, akafungua kabati, akanigombeza kuhusu mashati.

Tarehe 3 Mei moyo wake ulisimama akiwa amejilaza mchana. Daktari alisema goti halikuhusika. Nimemuuliza mara tatu. Nikiwa mbele yake naelewa, nikifika nyumbani sielewi tena. Nisingemsukuma, tungekuwa naye leo?

Jana nilimuuliza dada yangu hivyo hivyo. Akaniambia, "Wewe hukumsukuma. Alikubali kwa ajili ya ngazi zako. Alisema hataki kufa hajaona mwanawe anapolala."

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja wa kike. Mungu ampe mama yetu pumziko la amani. Mimi sijui nilie au nishukuru, kwa hiyo nafanya yote mawili.