Jina la Lazhar Mnasri Lililokwama Mpakani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Usalama ya nchi zetu mbili, na maafisa wa Tunisia na Algeria mlioketi jukwaani: sisi wakazi wa Ain Zarga tunawakaribisha kwa heshima kufungua kituo hiki kipya cha ukaguzi.

TULIKOTOKA

Miaka minane iliyopita, watu wenye silaha walishuka kutoka mlimani wakamuua Ridha, mchungaji wetu, kijana wa mwisho wa Lazhar Mnasri. Askari wakiwafukuza, wale watu waliruka mpaka, na askari wakabaki wanatazama. Mlipokubaliana kufanya doria pamoja, aliyewatangulia kuwaonyesha njia za mbuzi alikuwa Lazhar.

MAFANIKIO

Tangu hapo hakuna aliyeuawa mlimani. Wanawake wanakata majani ya halfa ya kusukia mikeka bila kulindwa. Tunashukuru, na hatusemi ushirikiano huu uvunjwe.

CHANGAMOTO

Mwaka jana mwezi wa Machi, Lazhar alivuka mpaka kwenda kumzika dada yake aliyeolewa ng'ambo. Siku ya tatu, akirudi, mashine ya langoni ikaligomea jina lake. Katika orodha ya pamoja yumo mtu anayetafutwa, jina lao moja, na baba zao jina moja.

Maafisa wa ng'ambo walimshika siku arobaini. Alama za vidole zikaonyesha siye. Wakamwachia na barua. Akaja nayo langoni.

"Mzee, kukuachia tumeweza," afisa akamwambia. "Kukufuta hatuwezi. Waliokuandika ni wenzenu."

Mkewe, Mama Tounes, akaenda kwa maafisa wa upande wetu. "Mama, hata sisi hatufuti peke yetu. Subiri kamati ikae."

Kamati hukaa mara mbili kwa mwaka. Kikao kimoja kiliahirishwa. Kingine hakikufika kwenye majina.

Lazhar akabaki nyumbani kwa marehemu dada yake, kilomita kumi na moja kutoka hapa. Mama Tounes alimpelekea mkate wa shayiri na dawa za moyo mara mbili. Ya tatu akaonywa langoni: "Wewe ni mke wake. Ukivuka tena, hatujui kama utarudi." Ikabaki simu.

"We mzee, au umeoa huko?"

"Nani anitake na meno haya? Kondoo wamekoga?"

"Wamekoga. Wewe je?"

Mama Tounes alikuwa akicheka, anatuambia, halafu akikata simu anakaa palepale hata chai inapoa.

Jumatano ya wiki iliyopita moyo wa Lazhar ulisimama. Wapwa zake wakaleta mwili mpaka langoni. Cheti cha kifo kina jina lile lile, na mashine ikagoma tena. Mwili ukarudishwa chumba cha maiti.

Wapwa wakampigia Mama Tounes simu, "Mama, tumzike huku, ardhi ni ya Mungu."

"Ni ya Mungu," akajibu. "Lakini akizikwa huko na jina hilo, mtu asiye na hatia atakuwa amekufa mtoro. Mimi sikuolewa na mtoro."

OMBI

Mgeni rasmi, risala yetu ya kwanza ilikuwa na maombi sita. Tuliomba bomba la maji, mwalimu wa hesabu, daraja la bondeni na mengine. Ofisi ya wilaya iliipitisha, ikatushauri tusigusie habari hii, isiharibu sherehe. Jana jioni tulikaa msikitini tukayafuta maombi yote sita.

Tunaomba jina moja lifutwe. Tumeambiwa zinatakiwa saini mbili, yako na ya mwenzako aliyeketi kulia kwako. Leo, mbele ya macho yetu, mko meza moja.

Kaburi tumelichimba asubuhi. Mama Tounes ndiye yule mwenye shela nyekundu, safu ya mbele. Karatasi ya kutiwa saini anayo mkononi.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama majumbani mwenu, na kila aliye ng'ambo arudi kwake.

Ni sisi,
Wakazi wa Ain Zarga