Athoumani na Vyura Aliowahamisha

Tarehe 30 Juni 2013 Athoumani Madi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitano katika kitalu cha shamba letu hapa kisiwani Nosy Be. Aliingia mwaka 1978, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa. Wembamba umekwisha. Sauti ipo.

Sisi wachuma maua ya langilangi hatukuhitaji saa. Tukisikia Athoumani anafoka, tunajua watu wanatoka kazini na kuna jembe halijaoshwa. Sheria ilikuwa yake: jembe lenye tope halilali ghalani. Kila mtu alipita mtoni, kwenye jiwe alilolichagua yeye, akasugua mpaka ling'are.

Basi mwaka 1984 miparachichi yake ikaanza kufa. Majani yanakuwa ya njano, matawi yanakauka kuanzia juu, ukichimba unakuta mizizi imeoza. Meneja akasema ikiisha yote, kitalu kinafungwa. Athoumani akatafuta mkosaji, akampata: chura wa mtoni. Ati anakojolea mizizi! Akakunja suruali, akawakamata kwa kapu letu la maua, akawahamishia sehemu ya juu ya mto, kwenye miparachichi mizima. Mwenzetu Ansoifa akamwuliza kama vyura wamelipa nauli, au watavuka bahari hadi bandari ya Ankify bure.

Miezi ikapita. Kule juu vyura wanaimba, miti inazaa. Huku chini hakuna hata chura mmoja, na miti inakufa vilevile. Hapo Athoumani akanyamaza, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akalitazama lile jiwe lake, lililokuwa kati ya miti ya juu na ya chini. Ugonjwa ulikuwa kwenye tope la majembe. Tuliuosha mtoni, mto ukaupeleka kwenye mizizi, na aliyetuamuru ni yeye.

Alituita wote akasema kosa ni lake, tena kwa sauti ileile ya kufokea. Tangu hapo majembe yanasuguliwa makavu, mbali na mto. Kitalu hakikufungwa, na maparachichi ya miti iliyobaki tunayala hadi leo. Akatuambia chura na ugonjwa huu vyote vinapenda maji, lakini chura anakujulisha yupo. Kinachoua mti hakipigi kelele.

Sasa anahamia mjini Mahajanga, mtaa wa Tanambao, kwa binti yake Hayrat. Hayrat mwanangu, pole. Jembe lako lifiche.

Athoumani, ahsante. Umetufokea na umetulindia miti. Nenda ukale, ukalale, Mungu akupe afya na raha. Lakini piga kelele zako hukohuko. Tukisikia umenyamaza, tutakuja kukuchimba tuone mizizi.

Bibi Zaïnabou, kwa niaba ya wachuma maua