Kovu la Ndani

Benchi letu la kahawa limeegemea ukuta wa duka la vipuri, miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi wakaaji ni walewale. Pindo ni fundi cherehani. Breki alistaafu udereva wa lori, mdomo ukabaki kazini. Randa, seremala, leo kahawa inampoa mkononi. Mkewe ana mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, hospitali nyingine, na kliniki wamewaambia waje kesho waamue: ajaribu kusukuma, au apasuliwe tena. Kinachohofiwa ni kovu la zamani kufumuka katikati ya uchungu. Na Randa amekuja kutuuliza sisi, Mungu atusamehe.

— Kovu limelala au liko wima? Pindo akauliza.

— Limelala. Chini kabisa, usawa wa mkanda.

— Basi shwari. Mkato wa kulala haufumuki. Mwambie asukume.

— Unaongelea suruali wewe, Breki akadakia. Shida ni nyuzi. Walishona mara moja au mbili?

— Makalio ya suruali mimi nashona mara tatu, na hakuna aliyerudi kulalamika.

— Angerudije, na suruali imechanika?

— Haya, mtaalamu, sema wewe.

— Wangeweka zipu. Mtoto wa pili, wa tatu, unafungua, unafunga.

Tulicheka. Randa hakucheka.

— Shemeji yenu siku ya tatu hii halali, akasema. Na mimi naogopa.

Mama mmoja aliyevaa sare ya ukunga alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake. Akatugeukia.

— Samahani, kaka zangu. Hilo lililolala ni kovu la ngozi. Mfuko wa uzazi wenyewe ulikatwaje?

Pindo akamtazama Breki. Breki akatazama barabara.

— Si kisu ni kilekile? Breki akajaribu.

— Nje wanaweza kukata kwa kulala, ndani wakakata wima. Na la wima huko ndani ndilo linalotutisha zaidi uchungu ukianza. Huandikwa kwenye ripoti ya upasuaji. Mnayo?

— Hatukuwahi kuiomba, Randa akasema.

Akaweka kikombe chini, akasimama aende hospitali ile ya kwanza.

— Watakuzungusha, Breki akamwambia. Utaambiwa faili halionekani.

— Watalitafuta nikiwa nimesimama pale dirishani. Miaka mitatu mke wangu anatembea na hilo kovu, na sijawahi kuuliza walimfanyaje. Leo sirudi nyumbani bila hiyo karatasi.