Fundi Idarus na Injini Zake Mbili

Imeandikwa na Layla Mbaraka, darasa la nane

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutengeneza pikipiki za wahudumu wa afya, kwanza Kismayu na kisha hapa kambini, Fundi Idarus Shihab anastaafu tarehe 31 Julai 1997.

Alianza mwaka 1968 katika karakana ya wachanjaji Kismayu. Huko ndiko alikokabidhiwa pikipiki nyeusi ambayo wote tunaiita Bibi. Vita vilipoingia mjini mwaka 1991, nahodha wa mashua iliyotuondoa alikataa kupakia pikipiki. Alisema nafasi ni ya watu. Fundi hakubishana. Alimfungua Bibi pale pale ufukweni, akagawa vipande nyumba kwa nyumba, kila mmoja abebe ndani ya mzigo wake: tangi kwa Bi Zaituni, kabureta ndani ya sufuria ya Bi Mwanapili mkunga, magurudumu kwa Mzee Zakir. Injini aliiweka baina ya miguu yake mwenyewe. Tuliposhuka Kenya kila kipande kilirudi, isipokuwa taa ya nyuma, ambayo Mzee Zakir mpaka leo anaapa kuwa hakupewa.

Mwaka 1994 zahanati ilipata pikipiki mpya, nyekundu. Hapo Fundi alifanya kosa ambalo Mbajuni tu, mtu wa bahari, angelifanya. Injini ya Bibi ni ya chuma, hushika kutu, na kila mwezi aliipaka mafuta ya papa kama tulivyopaka mashua zetu kisiwani Chula. Akaipaka na ile mpya. Lakini injini mpya ni ya aluminiamu, haina haja nayo. Vumbi la kambi liliganda katikati ya mapezi yanayoipoza, ikachemka njiani. Bi Mwanapili alimalizia kwa miguu safari ya kwenda kuzalisha, huku nyuma paka sita wakiizunguka pikipiki kwa harufu ya papa. Alifika kwa wakati, alhamdulillahi. Watu wakaanza kusema injini za siku hizi ni bati tu. Fundi aliwakatiza: aliyeharibu ni yeye, si injini.

Ukweli wa namna hiyo ulihitajika zaidi mwaka jana, mgao wa petroli ulipopunguzwa na kamati ikataka ibaki pikipiki moja tu. Chaguo baya lingemwacha mama mwenye uchungu bila mkunga. Wazee walimtaka Bibi. Kwa sura, kweli hana mshindani: tangi lake linang'aa kama birika la Idi, na ile mpya ni plastiki kila upande. Fundi akazijaribu mbele ya watu wote, lita moja kila moja, Bi Mwanapili na sanduku lake nyuma. Kwenye mchanga wa kisimani Bibi alipanda bila kubadilisha gia. Mpya ikalazimika kurudi gia ya kwanza, na wazee wakashangilia. Lakini Bibi alizimika kilomita ya ishirini na mbili. Mpya ilifika thelathini na tisa. Tena Bibi huhitaji mateke manne ndipo awake, na mpya huwaka kwa kubonyeza kidole. Bi Mwanapili aliposhuka alisema Bibi amemtikisa hadi meno, na kwamba mchu mwenye utungu, yaani mama anayejifungua, hangoji mateke.

Wote tulimtazama Fundi, tukijua anampenda nani. Akasema chombo husifiwa kwa kufika, akaichagua nyekundu. Tangu siku hiyo imekwenda kwa mama wazazi arobaini na mmoja, haijakwama hata mara moja.

Bibi hakutupwa. Fundi aliifunga injini yake juu ya meza shuleni kwetu, na kila Alhamisi alitufundisha kuifungua na kuiunganisha. Jumanne iliyopita tuliiunganisha bila yeye kugusa spana. Hafswa wa darasa la saba alipiga teke la tatu, ikawaka. Fundi akatoka nje akifuta macho, akasema ni moshi.

Fundi, ahsante kwa kazi, na ahsante kwa kutuonyesha kuwa mtu anaweza kusema amekosea na bado akaheshimiwa. Unakwenda kupumzika Kiunga kwa bintiyo Mwanalima. Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Siku ya kurudi Kismayu ikifika, na nahodha akikataa tena pikipiki, usihangaike. Tumekwisha kugawana. Kila nyumba inajua kipande chake, na taa mpya ya nyuma hatumpi Mzee Zakir.