Ngamia Wao Alipopigiwa Makofi

Salaam aleikum kwa wale wa salaam, na nyinyi wengine habari zenu, mama zangu na dada zangu. Wenzangu kwa mkutano huu wa afya wametangulia kuongea juu ya sukari na presha. Ugonjwa wangu mimi hauuziwi dawa kwa duka. Ulikuwa wivu. Msicheke, ulinitoa kazini.

Wengi mnanijua kwa maziwa ya mama yangu, yale ya ngamia yanayotoka Garbatulla. Lakini nimesomea maabara, na nilikuwa Nairobi tukitafuta dawa ya sumu ya nyoka. Tulikuwa tunatoa damu kidogo kwa ngamia, kwa sababu kingamwili zake, yaani wale askari wa mwili, ni wadogo na wanaunganishika kwa urahisi. Na sumu ya nyoka si moja. Kuna ya kuvujisha damu, kuna ya kuozesha nyama. Ukishika moja, ingine inakumaliza. Kwa hivyo tulitaka askari mmoja mwenye mikono tofauti, kila mkono na sumu yake.

Hapo ndipo kompyuta inaingia. Unaipa programu mikono uliyo nayo, unaweka tiki kwa ile unayotaka, nayo inapanga ndoa zote zinazowezekana: huyu na yule, huyu mbele, yule nyuma. Halafu inaiambia mashine ichanganye nini na nini. Seti hiyo nzima tunaiita paneli.

Sasa, kila mkono tuliuita jina la ngamia aliyetoa damu. Wangu ulikuwa Dimtu, yule mwekundu wa nyumbani kwetu. Dimtu alishika ile sumu ya kuozesha nyama, ndiye alikuwa anasifiwa maabara nzima, na mimi nilikuwa natembea nikiringa. Kisha akaja rafiki yangu. Tumekua ploti moja hapa Isiolo, tumekaa dawati moja, na hiyo kazi ni mimi nilimwambia aombe! Akaja na damu ya Adi, ngamia mweupe wa mjomba wake wa Burat. Ndugu zangu, Adi akashika ile sumu ya kuvujisha damu ambayo wengine wote walishindwa.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, lakini roho ilikuwa inachomeka. Kuanzia hapo hata akipiga chafya niliona anajionyesha. Bosi akimwita, mimi chai inanishinda kumeza. Nguo alizovaa, vile alicheka, kila kitu kilinikera.

Basi nikapewa nipange paneli. Programu ikamweka Adi kila mahali kando ya Dimtu. Nikaangalia hilo jina mpaka nikachoka, nikatoa tiki ya Adi. Nikajaza Dimtu na ndugu zake, ngamia wa boma letu peke yao. Aki, nilifikiri nitawaonyesha.

Majaribio yakaharibika yote. Ngamia wetu, kumbe kwa vile ni wa ukoo mmoja, wote waligombania sumu ile ile, na ile ingine ikapita tu. Bosi akafungua kompyuta mbele ya watu akaniuliza, "Adi yuko wapi?" Kandarasi yangu ilipoisha hakuna aliyeniita tena.

Nikarudi kwa mama kuuza maziwa. Simu ya rafiki yangu nikawa sishiki. Mama akaniangalia akasema, "Umekonda. Nani amekuroga?" Nikamwambia, "Mama, nimejiroga mwenyewe."

Siku moja tuko Garbatulla, nikaona rafiki yangu anashuka kwa lori, vumbi mpaka kwa kope, amebeba kompyuta. Nilitaka kujificha. Hata salamu hakumaliza vizuri.

"Walinipa ile paneli yako," akasema. "Nimeiharibu."

"Umeiharibu aje?"

"Nilitoa Dimtu."

Akaendelea, "Kila siku ni Dimtu, Dimtu! Tangu tukiwa watoto kila kitu chenu ni kizuri. Nilikuwa nimechoka na nyinyi na ngamia wenu."

Wueh! Nawaambia ukweli, furaha niliyosikia hapo, hata siku ya harusi yangu sikuisikia. Mtu ananionea wivu, mimi! Nikacheka mpaka nikalia, naye akalia. Mama akatuletea chai akiuliza ni nani amekufa.

Tukafungua kompyuta kwa mkeka, tukaweka tiki zote mbili. Akaenda kumwambia bosi ukweli wake, nami nikapiga simu nikasema wangu. Nikarudishwa kwa kandarasi fupi. Mashine ilipounganisha, wale wawili wakashika sumu zote mbili, lakini Adi akiwa mbele na Dimtu nyuma. Dimtu akiwa mbele, hawashiki. Nilirudia hilo jaribio nikitumaini mashine imekosea.

Dawa bado haijafika hospitali, iko njiani kupimwa. Namshukuru mama, na nyinyi mlionunua maziwa bila kuniuliza nimerudi kwa nini. Na ninachowaomba ni hiki: kama kuna mtu anakunyima usingizi, mwambie yeye mwenyewe, usiseme na jirani.

Sasa rafiki yangu ameketi hapo kwa mlango, na leso yake mnaiona ni nzuri kuliko yangu. Dada yangu, nakwambia mbele ya hawa wote: bado nakuonea wivu. Lakini siku usipokuja kazini, mimi siwezi kazi. Asanteni.