Mwenye Nyumba Mpya

Karugu alistaafu kutoka kiwanda cha nguo cha Thika mwaka wa tisini na sita, na pesa zake za uzeeni zikanunua nyumba yake ya kwanza maishani, vyumba viwili huko Ruiru. Wapangaji walikuwa hawajahama, kwa hivyo siku hiyo alipanda basi akaitazame kwa mbali tu. Nyuma yake walikaa wanawake wawili waliokuwa wamefahamiana pale stendi.

"Tumepewa wiki mbili tuhame," mmoja alisema. "Ile nyumba ya kona nyuma ya reli, ya mlango wa buluu. Tumekaa miaka tisa, na mama yangu hawezi kutembea."

Karugu aliujua mlango huo.

"Lakini mwenye nyumba naye ana haki yake, dada," akasema mwenzake.

"Sikatai. Si angekuja mwenyewe aniambie? Alituma broka na barua. Hata uso wake siujui."

Shingo ya Karugu ikapata moto. Yeye mwenyewe alishahamishwa hivyo mara tano, na broka alimtuma kwa kuogopa kuulizwa swali.

"Pengine anaona aibu."

"Aibu yake itamlaza mama yangu wapi?"

Basi liliposimama Ruiru, mama huyo alihangaika na katoni tupu za kufungia vyombo. Karugu akamshushia.

"Asante, mzee. Wewe ni wa hapa Ruiru?"

"Bado," akajibu, akitazama chini.