Ngazi Tatu za Mzee Beyene

Tangu yeye na majirani zake wa mtaa wa zamani wahamie ghorofani, pembezoni mwa Addis Ababa, Alganesh alikuwa akishusha jiko lake kila alasiri na kupika kahawa kwenye benchi lililo katikati ya majengo matatu yanayofanana kama sare za shule. Raundi ni tatu, na ya mwisho, ile ya baraka, haondoki mtu bila kuinywa. Siku hiyo walikuwa kwenye ya pili, na kigoda cha baba yake, Mzee Beyene, kilikuwa kitupu. Kumbukumbu ilikuwa ikimtoka mzee kidogo kidogo. Alganesh alikwishapanda ngazi zote tatu na kugonga kila mlango. Hayumo.

Lada, dereva teksi mstaafu, alimwambia asihangaike. Mtaa wa zamani mzee alipotea mara ngapi, na miguu ikamrudisha yenyewe?

— Kule kulikuwa tambarare, alisema Mizani, mwalimu wa fizikia tangu enzi za mtaa huo.

Akachukua bisi moja kwenye sinia la kahawa. Akaisogeza mbele na nyuma ukingoni mwa benchi, kwa kubahatisha. Mwisho ikarudi ilipoanzia. Kwenye sinia, ikienda kila upande, pia itarudi, alisema, hata ikichelewa. Kisha akaiinua hewani.

— Ukiongeza juu na chini, pa kupotelea panazidi. Wakitoka watatu hivyo, labda anarudi mmoja.

Wubit muuza mboga alimkanyaga mguu.

— Ongeza na wakati basi, alisema Lada. Atarudi jana, tumkute ameshakula.

Alganesh hakucheka. Wiki iliyopita alimkuta baba ghorofa ya nne, jengo si lao, amevua viatu kwenye kitanda cha watu, akimngojea mkewe aliyekwisha kufa.

— Mwalimu, nikiziondoa ngazi?

Mizani aliitazama ile bisi.

— Linabaki sinia tu. Atarudi.

Basi akawajazia vikombe, akawagawa: kila mtu na jengo lake, akae kwenye kipandio cha chini kabisa, asimpitishe mzee. Lada alinung'unika kwamba kahawa ya peke yako ni dawa tu, lakini alikwenda.

Makaa yalikuwa karibu kuwa majivu mzee alipotokea nyuma ya matangi ya maji, suruali imejaa vumbi. Akajaribu kupanda kwa Wubit, akakuta khanga na magoti. Akajaribu kwa Mizani. Lada alinyoosha mguu, akamsalimia kwa heshima zote. Mzee akageuka, akafika penye jiko, akakaa kwenye kigoda chake.

— Mwanangu, hawa wamegombana? Mbona kila mtu anakunywa peke yake?

Walitazamana kutoka ngazi hadi ngazi. Alganesh akamfuta vumbi magotini, akammiminia kahawa ya tatu.